Duara la Zingwani

Anayeingia Zingwani kwa mara ya kwanza, akitokea upande wa vilima vya chokaa, hudhani ameukuta mji uliofua nguo zake zote siku moja ukazianika pamoja, kwa maana hapana ukuta usio na pazia na hapana pazia lisilo na picha: mekundu ya wauza pilipili, ya kijani ya waganga wa meno, ya rangi ya maziwa yaliyoganda ya wauza samli, yote yakipepea juu ya Uwanja Mkuu kama vile upepo wenyewe umeajiriwa kuyatikisa. Milango ya maduka iliyokuwako zamani ilizibwa kwa matofali kwa amri, ukabaki mstari mwembamba wa chokaa unaoonyesha pale palipokuwa na mlango. Mtu akitaka chungu haendi kwa mfinyanzi. Husimama uwanjani mbele ya pazia la mfinyanzi, akatazama vyungu vilivyochorwa humo, akakigusa kwa kidole anachokipenda, na kile chungu chenyewe, cha udongo, kikatolewa kwenye kitundu kisichozidi upana wa sahani.

Mapazia hayo hayakuwa vitambaa vitupu. Picha zake zilipita katika nyuzi za nuru zilizosokotwa ikulu, na ikulu ilikaa juu ya ngazi saba za mawe, haina dirisha wala mlango wa mbele, ina tundu moja tu ambamo nyuzi zote za nchi zilipita. Kwenye Tundu hilo aliketi Bwana Ndivyo, Waziri wa Nyuzi, mtu mwenye mashavu laini kama andazi lililoumuka na jibu moja kwa kila swali. Na nyuma yake, ndani zaidi, aliketi Mtukufu Barabashi, ambaye kwa miaka arobaini hakuna raia aliyemwona kwa macho yake, kwa sababu desturi ilisema mtawala haonekani ila kwenye pazia.

Nyuzi zilipobanwa Tunduni, na zilibanwa kila siku, picha ilipotea na mahali pake likaja Duara: nukta nane zinazofukuzana bila kushikana. Mwanzoni watu walikasirika. Ndipo Bwana Ndivyo akatangaza kwamba Duara likizunguka ni dalili ya kuwa nchi inakwenda, na tangu siku hiyo likashonwa kwenye bendera, likachongwa kwenye vifungo vya makoti ya wakubwa, na kila raia akatakiwa, likitokea, asimame wima, mkono kifuani, mpaka litoweke. Watu walisimama huku wali ukiungua. Walisimama huku mgonjwa akisubiri dawa. Aliyechoka kusimama aliruhusiwa kwenda ikulu kununua uzi mnene zaidi, nao ukabanwa vilevile, ila kwa heshima.

Katika mji huo aliishi Mashavu, mshona mapazia wa kujitegemea. Nasema wa kujitegemea kwa sababu wenzake wote walikuwa wamekwisha kuingizwa katika Ukumbi wa Ikulu, watu mia tatu katika mabenchi mia tatu, kila mmoja akishona upindo uleule asijue ni wa pazia la nani, mpaka migongo ikajikunja ikafanana na ndoana. Mashavu alishonea nyumbani, juu ya kigoda cha ukindu, birika la tangawizi kando, sindano zake zikiwa ndani ya kopo la halua lililochakaa picha. Sindano yake kubwa aliachiwa na mama yake mdogo. Wateja alichagua mwenyewe, na pazia lilipofunguka kwa mara ya kwanza, likang'aa, kidole kikagusa mlango uliochorwa na mlango ukaitika, alijipiga paja akapiga kigelegele peke yake sebuleni, hata kuku wa jirani wakatawanyika. Kwa ajili ya dakika ile moja alivumilia mengine yote.

Na mengine yote yalikuwa mengi. Kila mwezi ulipoandama, mpiga mbiu alipita akilia, "Sindano mpya! Imeboreshwa!" na tundu la sindano mpya lilikuwa jembamba kuliko la zamani, hivi kwamba uzi alionunua jana haukupita leo. Pazia lililonyooka likitazamwa kwa miwani mipya lilionekana limepinda kwa miwani ya zamani, na wakubwa wote walivaa miwani ya zamani. Na ili achukue nyuzi zake Tunduni ilimbidi kutaja neno la siri.

"Neno lako dhaifu," mlinzi alimwambia asubuhi moja. "Tia ndege ndani yake."

"Kanga."

"Tia na namba, na kitu chenye mwiba."

"Kangasabamchongoma."

"Hilo ulilitumia mwaka juzi."

"Sasa ndugu yangu, kama unalikumbuka la mwaka juzi, mimi unanijua!"

"Nakujua sana, Bi Mashavu. Wasalimie nyumbani. Neno la siri?"

Akasahau alilolitunga siku ile. Wakamwambia jipya limetumwa ndani ya kisanduku, na kisanduku hufunguliwa kwa lile alilolisahau.

Nao wateja, we acha tu. Bi Hanuna mfinyanzi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikuja mara nne kwa pazia moja. "Mwanangu, lipendeze lakini lisipendeze sana. Unaelewa? Na jina langu likuzwe kidogo. Kidogo tena. Basi lirudishe kama lilivyokuwa mwanzo, ila liwe kubwa." Mashavu alilikuza, akalirudisha, akacheka, akamimina tangawizi.

Ila alikuwa na desturi moja aliyoishika kama dini. Kabla ya kukabidhi kazi alishona ukanda wa kitambaa wenye mistari mitatu, mteja akachovya kidole gumba kwenye hina akakibandika chini yake. Mistari yenyewe ilikuwa hii: *Ulichoongeza umekiongeza wewe. Nilikuonya. Kusubiri ni kwako.* Hakuna aliyewahi kuisoma. Ikulu yenyewe ndiyo iliyowazoeza watu hivyo, kwa kuwa kila sindano mpya ilikuja na kitambaa cha masharti kirefu kutoka nyumbani hadi kisimani, na mwisho wake mahali pa kidole gumba. Mtu angekisoma lini, na wali uko jikoni? Watu wa Zingwani walibandika gumba kama wanavyofuta kamasi.

Mwaka wa arobaini wa utawala ulipokaribia, Mashavu akaitwa ikulu. Alipitishwa mlango wa nyuma hadi mbele ya kiwambo cheupe, na sauti ikatoka nyuma ya kiwambo.

"Wewe ndiye unayejitegemea?"

"Ndiye, Mtukufu."

"Unajitegemea kwa nani?"

Bwana Ndivyo akacheka kwa niaba ya wote. Kisha akasoma amri: Mashavu atashona pazia la Sikukuu, litafunguliwa uwanjani jua likiwa utosini. Likifunguka, ataachwa na kigoda chake. Lisipofunguka, sindano yake itavunjwa hadharani naye ataingia Ukumbini, benchi la mia tatu na moja, ambalo lilikwisha kupakwa rangi na jina lake.

Haya, akaanza. Na mtu asidhani alianza kwa huzuni. Alianza moyo ukimdunda kwa furaha, maana pazia la uwanja mzima hakuwahi kulishona mtu mmoja, na vidole vyake vilikuwa vinawasha. Alichora uso wa Mtukufu kwa nyuzi tisini, mwepesi, unaopumua, na alipolijaribu sebuleni lilifunguka kabla hajamaliza kumeza fundo la chai. Akapiga kigelegele. Kuku wakatawanyika.

Akalipeleka ikulu. Likatandazwa mbele ya kiwambo.

"Kichwa kidogo," ikasema sauti.

Akakikuza. Siku ya pili kikawa kidogo tena. Siku ya tatu zikaongezwa nishani, arobaini, kila moja ing'ae kwa nuru yake yenyewe. Siku ya nne ndevu, na kila unywele ujitikise wenyewe. Siku ya tano farasi. Siku ya sita farasi akaondolewa kwa sababu watu wangemtazama yeye, lakini kivuli chake kikaamriwa kibaki. Nyuzi tisini zikawa elfu tisa.

"Mtukufu," Mashavu akasema siku ya saba, akipangusa jasho kwa ncha ya kanga, "pazia limelemewa. Na ipo Sheria ya Uzito, uliyoitunga mwenyewe: pazia likizidi nyuzi mia halipiti Tunduni mpaka waziri alipime na autamke uzito wake mbele ya watu. Tupunguze kichwa."

"Kichwa cha nani?"

"Kilicho kwenye pazia, Mtukufu."

"Bwana Ndivyo, kichwa changu kizito?"

"Chepesi, Mtukufu! Chepesi kama manyoya!"

"Umesikia, mama. Ongeza taji."

Akaongeza taji. Kisha akashona ukanda wake wa mistari mitatu, akausukuma chini ya kiwambo pamoja na kibakuli cha hina. Mkono mnene ukatokea, haukuugeuza wala kuunyoosha, ukabandika gumba. Bwana Ndivyo akabandika lake kando, kama shahidi, akamrudishia ukanda huku akipiga miayo.

Siku ya Sikukuu uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya kuta. Ngoma zililia, wanawake walivaa leso mpya za Duara, wauza kashata walipitisha sinia zao juu ya vichwa vya watu. Pazia la Mtukufu liliteremshwa kutoka ngazi ya saba hadi ya kwanza, likifunika mapazia mengine yote, na Barabashi mwenyewe akasimama nyuma yake, mkono wa kulia umeinuliwa, kifua kimejaa pumzi, tayari kuonekana. Jua lilifika utosini. Tarumbeta zikalia. Uzi ukavutwa.

Duara.

Nukta nane, kila moja kubwa kama pipa, zikaanza kufukuzana juu ya uwanja. Watu wakasimama wima, mkono kifuani, kama walivyozoezwa. Bwana Ndivyo akapaza sauti, "Linazunguka! Nchi inakwenda!" Makofi yakapigwa, mengi, kisha machache. Bado linazunguka. Vivuli vya watu vikahama kutoka mguu wa kulia kwenda wa kushoto. Bado.

"Wananiona?" sauti ikauliza nyuma ya pazia.

"Wanakuona, Mtukufu! Wanalia kwa furaha!"

Kisha Bwana Ndivyo akashuka ngazi mbio mbio, koleo mkononi, moja kwa moja hadi aliposimama Mashavu. "Jua limepita utosini. Lete sindano."

Mkono wa Mashavu ulikwisha kuingia kifuani ukatoka na ule ukanda. Akaunyanyua juu, akasoma kwa sauti ya mtu anayeuza samaki: "Ulichoongeza umekiongeza wewe! Nilikuonya! Kusubiri ni kwako!" Kisha akageuka. "Gumba hili la nani, Bwana Waziri? Na hili dogo, lenye kovu la kisu?"

Watu wa mbele wakavuta shingo, wakasoma, wakawasomea wa nyuma. Ilikuwa mara ya kwanza Zingwani kwa masharti kusomwa hadi mwisho, na uwanja mzima ukaingiwa na msisimko kama sufuria inayokaribia kufurika.

"Hata hivyo lifunguliwe!" akafoka Bwana Ndivyo.

"Lifungue wewe. Kwa sheria, kinachongojwa ni neno lako moja tu. Lipime, useme kichwa kina uzito gani. Tunakusikiliza."

"Sema, Bwana Ndivyo!" mtu akapiga kelele kutoka ukutani.

"Sema kilo ngapi!"

Bwana Ndivyo akafungua kinywa. Akatazama juu, pale palipokuwa na mkono ulioinuliwa nyuma ya kitambaa. Akafunga kinywa. Akafungua tena. "Ndi... ndi..." Koleo likamponyoka likaanguka juu ya kidole chake cha mguu, na hata hapo hakuthubutu kusema neno jingine. Akapanda ngazi akichechemea, na watu walioshika vifua wakaanza kushika mbavu.

Bi Hanuna ndiye aliyekuwa wa kwanza kuushusha mkono. "Mimi nimeacha uji jikoni," akasema, si kwa nguvu, kama mtu anayejikumbusha. Lakini pazia lake lilikuwa limefunikwa na lile kubwa, na kitundu chake nacho, naye hakuweza kuuza hata chungu cha kupikia, na watu wote walikuwa na njaa. Akaenda nyumbani, akachukua mchi, akasimama mbele ya mstari wa chokaa wa mlango wake wa zamani, akaupiga pigo la kwanza. Matofali yalikuwa ya ikulu, yalikuwa mabovu. Kufikia pigo la tano alikwisha kuingia dukani mwake kwa miguu, na watu nyuma yake, wakishika vyungu kwa mikono, wakivigonga kwa kucha kusikia mlio wake, wakisemezana, "Kumbe vina mgongo!" maana walikwisha kusahau kuwa vyungu vina upande wa nyuma. Jioni haikufika kabla milango sita haijavunjwa, na Mashavu alikuwa anakimbia toka mmoja hadi mwingine akipiga kigelegele, kopo lake la halua likilia kwapani.

Pazia lile bado linaning'inia. Halikuteremshwa, kwa kuwa anayetoa amri ya kuteremsha ni Mtukufu, na amri yake haifuatwi ila akionekana kwenye pazia. Wapo wanaosema angali amesimama pale nyuma, pumzi kifuani, na kwamba ukikaribia unasikia sauti ikiuliza kama wanamwona, na nyingine, iliyochoka, ikijibu kuwa wanamwona. Wapo wanaosema alikwisha kutoka, lakini hawajui kuonyesha mlango. Wapishi hulitumia Duara kupimia mayai: mizunguko arobaini, laini; sitini, magumu.

Mashavu bado anashona, nyumbani, mapazia ya anayetaka, kwa nyuzi chache. Akipita uwanjani husimama kidogo, huinamisha kichwa na kulitazama Duara kama fundi anavyotazama kazi yake. Nukta moja, anasema, imeanza kuchelewa nyuma ya wenzake. Ama pazia liko karibu kufunguka, ama Duara liko karibu kusimama. Watu humshika mkono wamuulize ni lipi kati ya hayo mawili, naye huwapa jibu lilelile alilopewa Tunduni kwa miaka yote, "Subirini tu, linaendelea," kisha huenda zake kwa Bi Hanuna, akaingia kwa mlango.