Bibi Anapiga Hodi Kwake

Siku ya ukaguzi sisi tunaamka kabla ya jogoo, maana lazima watu sita wawe watano. Hizi nyumba wanaziita za bei nafuu, nafuu kwa nani sijui, na sheria yake ni moja: vyumba viwili, watu watano. Mkizidi, mnatoka wote na masufuria yenu. Sisi ni baba, mama, mimi na wadogo zangu wawili. Wa sita ni bibi, mama mzazi wa mama, aliyekuja kwetu kodi ya chumba chake ilipomshinda.

Basi tunamfuta bibi. Godoro lake linalala chini ya godoro la wazazi, nguo zake zinaingia kwenye foronya, dawa zake zinajificha kwenye kopo la unga. Yeye mwenyewe huwa anashinda kwa fundi cherehani, mlango wa pili. Jengo letu kila mlango una lugha yake; bibi na fundi hawasikilizani hata neno, lakini wanaweza kucheka mchana kutwa, sijui wanacheka nini. Safari hii fundi hayupo. Kodi ilipanda, yeye akashuka. Mlango umepigwa kufuli.

Mama akaniambia nimpeleke bibi kwenye benchi la nje ya duka la dawa, akae kama anayemngoja mtu.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," bibi akasema akivaa viatu. "Mimi mwaka wa tatu huu, jembe lenyewe hata sijaonyeshwa."

Nikacheka. Mama hakucheka.

Mkaguzi tunamwita Chungulia. Ni kijana mpole, na huo upole wake ndio unaochosha. Anavua viatu mlangoni, anauliza habari za shule, anafungua kabati kama anaomba radhi. Baba alikuwa kazini, huyo wanamjua. Sisi wengine tumekaa kitandani kwa mstari, tunahesabiwa kama mbuzi wa mnada, mara mvua hiyo. Si ya manyunyu. Mama akanitazama, nami nikamtazama. Nani atatoka kwenda kumchukua, na atasema anakwenda wapi?

Haukupita muda tukasikia, "Hodi wenyewe."

Alikuwa bibi, maji yanamtiririka mpaka kwenye nyusi. Mama akasema karibu, kwa sauti ile ya kumkaribisha mtu baki. Bibi akaketi kwenye ncha ya kiti chake mwenyewe, akauliza kama watoto hawajambo, akayasifu mapazia aliyoyashona kwa mkono wake. Mdogo wangu wa mwisho akafungua mdomo, nikamkanyaga kidole. Mama akaleta chai, akauliza, "Mama, unatumia sukari kiasi gani?"

Hapo bibi aliinua macho, akamwangalia binti yake kidogo.

"Kijiko kimoja tu, mwanangu."

Chungulia akamaliza kazi yake, ila hakuondoka. Kumbe anamngoja bibi amalize chai. Akasema mvua hii si ya mtu mzima kutembea nayo, gari analo hapo nje, atamfikisha kwake. We fikiria. Tukikataa, tumejisema. Bibi akashukuru, akatuaga mmoja mmoja kwa mkono, akamwambia mama amsalimie mumewe. Akamtajia Chungulia mtaa anaokaa mama mdogo, ng'ambo ya reli, wakaondoka.

Nikawafuata kwa miguu. Mama mdogo ana chumba kimoja na ukoo mzima wa mumewe, wanalala kwa zamu kama walinzi. Nilimkuta bibi nje, amesimama chini ya upenu, mlango umefungwa, mkoba ameukumbatia.

"Bibi, mbona hukuingia?"

"Leo nimeshapiga hodi kwangu, mjukuu wangu. Nyingine sina nguvu nayo."

Nikampokea mkoba. Tukarudi polepole, ananiegemea, na alikuwa mwepesi mpaka nikaogopa. Tangu nimalize shule naimba wimbo mmoja: nataka kuondoka, rafiki yangu anafunga vioo vya madirisha mji mwingine, kaniambia kazi ipo. Mama kila siku ananiambia subiri. Njiani nikapiga hesabu, na haikuwa ngumu.

Tulipofika, mama alikuwa anarudisha godoro mahali pake. Nikamwambia amweleze Chungulia mimi nimehama, jina langu litoke, la bibi liingie.

"Nikutoe mwanangu nimweke mama yangu?"

"Hunitoi. Si nilikuwa naondoka tu?"

Ni kweli nilikuwa naondoka. Ila mimi nilijiona naondoka nikiubamiza mlango, siyo hivi.

Mama hakukubali, hakukataa. Alikwenda kwenye kamba ya ndani, akaanza kuyashika mashati yangu, moja moja, kuona kama yamekauka.