Manyoya Yasiyopukutika

Binti yangu Tamsin alikuwa akivuta kamba isiyo na mbwa. Kila alipotoka shule aliiburuta barabarani kwetu, hapa mjini Ballarat, akafika kwenye kona, akasimama, akasema "Kaa!" kwa ukali. Akangoja kidogo. "Mbwa mzuri," akasema, akaendelea na safari.

Jirani yetu, mzee Keogh, alikuwa akimvizia getini kwake.

"We bibie, mbwa wako mbona kakonda hivyo?"

"Bado hajaja," Tamsin alimjibu bila kugeuka. "Najifunza kwanza. Watu wengi hawajifunzi."

Alikuwa na miaka tisa, na pumu tangu utotoni. Paka akipita tu uani, macho yake yalivimba. Mimi kazi yangu ilikuwa kukata kondoo manyoya, na nilikuwa nikivua nguo bandani na kuoga kabla sijamkumbatia. Kwa hiyo aliposema anataka mbwa, mimi na mke wangu Noeline tulimwambia tutafikiri. Kisha tukasikia habari za labradudo, mbwa aliyechanganywa damu ya labrado na pudeli, mwenye manyoya ya kusokotana ambayo, walisema, hayapukutiki, na wenye pumu huweza kuishi naye.

Mama aliyewafuga, Merrilyn, hakutudanganya. "Siwaahidi kitu," alisema. "Mleteni mtoto akae nao, tuone." Tulimpeleka mara nyingi. Tamsin alikaa kwenye nyasi, watoto wa mbwa wakimtafuna kamba za viatu, na kifua chake kikatulia kama maji mtungini. Daktari wake naye akasema tujaribu, ila tuwe macho.

Basi tukajiandaa. Noeline alihamishia zabibu na chokoleti kabati la juu, maana ni sumu kwa mbwa. Nikaziba matundu ya uzio. Tamsin alikuwa amesoma kwamba manyoya ya mbwa wale yasipochanwa hugandamana mpaka ngozi ikauma, kwa hiyo kila jioni alitandaza ngozi ya kondoo yenye manyoya mapajani na kuichana kwa subira.

"Usivute hivyo, Baba," aliniambia siku niliyomsaidia. "Shika shina kwanza, halafu uanzie nchani. Utamuumiza."

Nilishika shina.

Mbwa wetu tulimwita Wombat, jina la mnyama mnene wa porini huku kwetu. Alikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na miguu mikubwa kana kwamba ameiazima. Alikuja wakati wa kiangazi, milango ikiwa wazi mchana kutwa. Tamsin alimfundisha kwenda haja nje, kungoja chakula, kukubali kushikwa masikio. Sikumbuki nyumba yetu ikiwa na vicheko kama miezi ile.

Halafu baridi ikaingia. Tukafunga madirisha, tukawasha moto.

Ilikuwa Jumapili asubuhi. Nilikuwa nikipasua kuni niliposikia Noeline akiita jina langu, mara moja tu, kwa sauti nisiyoijua. Tamsin alikuwa ameketi sakafuni jikoni, mabega yamepanda, kila pumzi ikitoka na mluzi mwembamba. Midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Wombat alikuwa akimlamba mkono, akidhani ni mchezo. Tulimpa dawa ya kuvuta, tukampa tena. Nikapiga magoti nikamshika. Mikono hii ilikuwa ikimwangusha dume la kondoo kwa mkupuo mmoja, lakini haikuweza kukiingizia hewa kile kifua kidogo. Nilikuwa namshika tu. Namshika, nikisikiliza gari la wagonjwa linalochelewa.

Hospitalini daktari alisema polepole, kama mtu anayeomba radhi. Kinachomdhuru si manyoya peke yake; ni mate nayo, na magamba ya ngozi. Mbwa hawezi kubaki.

"Tukimjengea kibanda nje?" Noeline aliuliza.

Tamsin ndiye aliyejibu. Aliisogeza barakoa ya hewa pembeni. "Hapana, Mama. Wombat si mbwa wa kuachwa peke yake. Ataugua kwa upweke." Akapumzika kidogo. "Nilisoma."



Tamsin aliporudi nyumbani, Merrilyn alikuja kumchukua Wombat. Tamsin alikataa kubaki ndani, basi nikamketisha kwenye gari langu, vioo vimepandishwa. Nilipokuwa nikimkabidhi Wombat, Tamsin alianza kupaza sauti nyuma ya kioo.

"Masikio! Mwambie akimwogesha amkaushe ndani ya masikio!"

"Anasema masikio," nikamwambia Merrilyn, mwanamke aliyekuwa amelea mbwa kabla Tamsin hajazaliwa.

"Ndani ya masikio," Merrilyn alimwitikia kwa nguvu. "Nimesikia, mwanangu."

"Na asimwache peke yake kukiwa na radi!"

"Sitamwacha!"

Wombat alikuwa ameitambua sauti. Alichomoka, akaukimbilia mlango wa gari langu, akaupanda kwa miguu ya mbele, akaukwaruza na kulia. Tamsin hakukigusa kioo. Alikuwa ameiweka mikono yake chini ya mapaja na kuikalia, kama tulivyomfundisha kufanya asijikune. Ilinibidi nimbebe Wombat mimi mwenyewe.

Gari la Merrilyn lilipopotea, nilinawa bombani mpaka viwiko, nikavua koti, nikaingia garini nikaketi kando ya mwanangu. Nikauliza swali lililokuwa karibu.

"Kifua kinaendeleaje?"

Aliendelea kutazama mbele.

"Napumua vizuri, Baba," alisema, kwa sauti ya mtu aliyetumwa kuleta habari za msiba.