Uzito wa Barua za Wakili

Kila kitu kilichoingia katika maabara ile kilipimwa uzito kwanza, kabla hata hakijaulizwa kimetoka wapi. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa mpimaji, na alikuwa ameushika miaka kumi na tisa. Iwe chupa ya maziwa, mfuko wa unga au udongo wa shamba la mtu, kitu kinakaa juu ya mizani, namba inaingia kwenye daftari, ndipo mteja anakaribishwa kiti. Majirani walimwita Hebutupime, kwa kuwa neno hilo halikumkauka mdomoni. Ukimwambia mvua inakuja, hebu tupime. Ukimwambia binti wa fulani amepata mchumba mwenye mali, hebu tupime. Wengine walimwona mwanamke mkorofi, na kwa kweli alikuwa mkorofi kidogo.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, alipokea barua ya wakili. Ililetwa na karani wa wakili huyo, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, naye aliishikilia kwa mikono miwili mpaka alipopata sahihi ya mpimaji. Hebutupime akaiweka juu ya mizani. Mizani ikasoma gramu nne chini ya sifuri.

Akaiondoa barua, akaweka jiwe la gramu mia. Gramu mia kamili. Akairudisha barua. Nne chini ya sifuri.

"Mizani yako haina neno," karani alisema. "Zake zote ndivyo zilivyo. Mimi huzitembeza na tofali ndani ya mkoba."

Hebutupime akaandika kwenye daftari: barua moja, hasi gramu nne. Kisha ndipo akaisoma. Wakili alimtaka abandue karatasi aliyoibandika dirishani, ndani ya siku saba, la sivyo ataburuzwa mahakamani kwa kumchafulia mtu jina.

Mtu mwenyewe alikuwa Profesa. Shule aliyosomea hakuna aliyeijua, na cheo alijipa mwenyewe siku aliyonunua kipaza sauti. Aliuza maji ya kijani kwenye chupa za nusu lita, akisema yanatibu kisukari: kunywa wiki tatu, tupa vidonge, tupa sindano, wewe umepona. Hebutupime alikwenda kupanga foleni kama wenzake, akanunua chupa moja, akaipima. Ilikuwa na maji, rangi, na sukari gramu kumi na mbili kwa kila mililita mia. Dawa ya sukari ilikuwa imetiwa sukari. Hayo ndiyo aliyoyaandika kwa wino mweusi na kuyabandika dirishani, bila kuongeza tusi hata moja, ingawa matusi alikuwa nayo ya kutosha.

Wala hakufanya hivyo kwa ushujaa. Alikuwa na kaka yake, fundi cherehani, ambaye kisukari kilikuwa kimemkamata miaka minane iliyopita, na kaka huyo alikuwa ametupa sindano zake kwenye ndoo ya takataka mbele ya macho ya mkewe. Tumbo la mama yao lilitoa watoto wawili tu.

"Kaka, unakunywa soda isiyo na gesi," alikwenda kumwambia.

"Wewe unaona uchungu mtu akipona bila ruhusa yako."

"Nimeyapima."

"Hata mama ulimpima," kaka yake akasema, huku akiendelea kukanyaga cherehani. "Ulipomaliza kumpima alikuwa ameshakufa."

Tangu siku hiyo hawakusemezana. Hebutupime alirudi maabara, akafunga mlango, akalia kwa dakika kama tano hivi, kisha akapima sampuli tatu za asali.

Barua ya pili ilikuja Ijumaa, hasi gramu arobaini. Ya tatu ilitaja jela, nayo ikapaa mpaka darini, akaiteremsha kwa fimbo ya ufagio ndipo akaipima: hasi nusu kilo. Yenye maneno ya Kilatini ilivuta kilo nzima. Kwa kuwa hakuwa mtu wa kuamini kitu kwa kukiona mara moja, alipima na barua nyingine zilizofika maabara wiki hiyo. Notisi ya idara ya maji, kwa mfano, ilikuwa na gramu sita, na maji yalikatwa kweli. Basi akaandika pembeni ya daftari kwamba tishio lisilo na sheria ndani yake huinua, na kadiri linavyotisha ndivyo linavyozidi kuinua. Barua alizifunga kwa uzi kwenye kabati, lakini kabati likaanza kuhama taratibu kuelekea mlangoni, ikabidi azihamishie kwenye nondo za dirisha.

"Mbona hashtaki?" alimuuliza karani siku ya barua ya kumi na nne.

"Ashtaki wapi, mama? Huyu hajui hata mlango wa mahakama unafungukia ndani au nje." Karani akavua viatu, akaomba maji ya kunywa. "Ile ya kwanza niliichapa kwa hofu, nikakuonea huruma. Siku hizi nachapa huku nasikiliza redio."

"Na karatasi yangu umeisoma?"

"Nimeisoma, na shangazi yangu nimemsomea. Amerudi kwenye vidonge vyake. Mungu akuweke."

Hebutupime akamjazia kikombe tena. Hakuwa mtu aliyezoea kushukuriwa, maana kazi yake ilikuwa kuwaambia watu asali yao si asali.

Alhamisi ya wiki ya tano, saa saba mchana, wifi yake aliingia maabara akiwa na kiatu kimoja.

"Wifi, kaka yako anatapika tangu jana. Anahema juu juu kama aliyetoka mbio, na pumzi yake inanuka matunda yaliyochacha. Ananiita kwa jina la mama yenu."

Walitoka hivyo hivyo, mlango wa maabara wazi. Kaka yake alikaa ghorofa ya nne, mitaa miwili kutoka pale, na Profesa alikuwa na kibanda chake kwenye kona ya mtaa huohuo. Mwenye nyumba alikuwa amebomoa ngazi kati ya ghorofa ya pili na ya tatu ili azitengeneze, akaweka mbao mbili za kupitia kwa ubavu. Watu wa gari la wagonjwa walikuja upesi, hilo tuwape haki yao. Walipanda, wakamtazama fundi kwenye kitanda, wakaitazama machela, wakarudi kuzitazama mbao.

"Huyu hapiti hapa," mmoja wao alisema. "Mwenye nyumba anasema fundi wa ngazi atakuja Jumatatu."

Simu yao ikaita, wakaitwa kwingine, wakaenda.

Hebutupime aliteremka mbio hadi maabara, akarudi na barua zote ishirini na sita amezishika kwa nyuzi, na mbao zile hakuzikanyaga, barua zilimpitisha juu yake. Jumla yake aliijua kutoka kwenye daftari: kilo themanini na moja. Kaka yake alikuwa na kilo tisini na sita, kiti chake cha kushonea, ambacho wangemshushia kutoka roshani, kilo nne. Zilikuwa zinapungua kilo kumi na tisa, na mtu akianguka na kilo kumi na tisa kutoka ghorofa ya nne anavunjika miguu. Alikwenda roshani, akampigia simu wakili.

"Mimi ni mpimaji," alisema. "Nimeamua kubandika ile karatasi mji mzima. Nitaongeza kwamba mteja wako ni tapeli na wewe ni kasuku wake."

Wakili akafoka. "Utajuta kuzaliwa wewe mwanamke!"

"Niandikie hayo. Niandikie sasa hivi, uilete nyumbani kwa kaka yangu, kama wewe ni wakili kweli."

Dakika ishirini baadaye karani alitokea, si mlangoni bali kwenye roshani, ameparamia bomba la maji, bahasha kifuani ikimvuta juu, na matofali mawili mkobani. Barua ilitaja jela, fidia, mahakama za nchi za mbali, na kushtakiwa kwa ukoo wote wa mpimaji pamoja na watakaozaliwa. Ilikuwa na mihuri saba.

"Hii amenisomea akiwa amesimama juu ya meza," karani alisema. "Jamani, nivuteni ndani."

Waliipima kwa mizani ya ndoano ya jikoni, mizani ikiwa imegeuzwa juu chini. Kilo kumi na nane.

"Imebaki kilo moja ya kushukia," Hebutupime alisema. "Inatosha."

Walimkalisha fundi kwenye kiti, wakamfunga kwa kitambaa cha suti ambayo hakuwa ameimaliza, wakafunga nyuzi pande zote nne, wakamsukuma nje. Alishuka polepole, kichwa kimelala begani. Mama wa ghorofa ya tatu alivuta nguo zake kwenye kamba ili apite. Wa ghorofa ya pili alisema shikamoo, na hakuitikiwa, akaelewa kwamba mzee ni mgonjwa. Wenyewe waliteremka mbio, wakamdaka chini, wakaanza safari ya hospitali, wifi akivuta mbele, Hebutupime ameibeba ile kilo moja iliyobaki kwa mguu wa kiti, fundi akielea usawa wa magoti. Askari wa barabarani aliwasimamishia magari na kuwakumbusha wapite kushoto.

Karibu na kona fundi alifumbua macho. Alimwona dada yake pale chini ya mkono wake, jasho linamtiririka, nywele zimemfumuka.

"Asante," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Umeniokoa wewe. Asante. Asante."

Profesa alikuwa amesimama mbele ya kibanda chake na simu ameinyoosha, inarekodi. Walipopita alishika kipaza sauti. "Mmemwona wenyewe! Mteja wetu wa wiki nane! Ugonjwa wote umemtoka, amekuwa mwepesi kama hivyo!" Foleni ikasogea mbele hatua moja. Hakuna aliyeuliza mtu mwepesi kama yule anapelekwa wapi.

Hospitalini mashine ya kupimia sukari ilikataa kutoa namba, kwa jinsi ilivyokuwa juu. Daktari alimwekea dripu na insulini, akasema wangechelewa saa mbili wangekuwa wanazungumza habari nyingine. Muuguzi aliomba barua zifungwe nje, kwa sababu zilikuwa zinajizungusha kwenye feni. Siku ya nne fundi alikaa kitandani, akala, akauliza ni nani aliyemleta.

"Wakili wa Profesa," wifi akamjibu.

Walimweleza. Alicheka mpaka mrija wa dripu ukachomoka, muuguzi akaja kumgombeza, na alipomaliza kugombezwa akawa analia.

"Nilikusema vibaya juu ya mama," alimwambia dada yake.

"Ulinisema."

"Unisamehe."

"Nilikusamehe ulipofika ghorofa ya tatu. Kabla ya hapo nilikuwa na kazi."

Moyo wa Hebutupime ulikuwa umejaa, na hakuuficha. Aliwashukuru daktari, muuguzi, yule askari, mama wa ghorofa ya tatu kwa nguo zake. Karani alimkumbatia mbele za watu. Kisha, kwa kuwa haki ni haki, alimwandikia wakili: "Nakushukuru kwa barua ishirini na saba. Kama moja tu ingekuwa na ukweli ndani yake, kaka yangu angekufa." Wakili alijibu kwamba atamshtaki kwa shukrani hizo. Hasi kilo tatu.

Chupa ya maji ya kijani, pamoja na matokeo yake na cheti cha hospitali, aliipeleka ofisi inayohusika na dawa. Walimpokea vizuri. Walimpa kiti. Faili likawekwa juu ya mafaili mengine, na kila alipokwenda kuuliza aliambiwa linafanyiwa kazi, mama, usiwe na wasiwasi.

Sasa kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu Hebutupime hupitia kwa kaka yake kabla ya kwenda maabara. Mbao ziko palepale, anazipita kwa ubavu. Kaka yake humngoja roshani, kidole tayari kwa kutobolewa, na chini yao kipaza sauti kinaamka. Kinachotoka humo ni sauti ya fundi, ile iliyokwaruza: asante, umeniokoa wewe, asante, asante. Foleni imeshapinda kona. Wapo wanaoinua macho na kumpungia mkono, na mwanamke mmoja humnyanyulia chupa yake ya kijani.

Siku za mwanzo fundi alikuwa akiwapigia kelele. "Hiyo asante si yake! Nilikuwa namwambia dada yangu!" Watu walitikisa vichwa kwa upole, wakaambiana kwamba mtu akipona hivyo hata yeye mwenyewe haamini. Alikwenda kumwomba Profesa aizime. Akapewa barua ya wakili, ya kwake mwenyewe safari hii, naye ameifunga kwenye kiti cha kushonea, inampunguzia uzito wa mgongo akiwa kazini.

Siku hizi hapigi kelele. Sauti ile ikifika mwisho hukatika kwa muda wa pumzi mbili hivi kabla ya kuanza upya, na fundi amejifunza kuungoja muda huo. Damu inachuruzika tone moja, dada anaigusisha mashine ya sukari, na chini kunakuwa kimya.

"Asante, dada," anasema haraka.

"Saba nukta mbili," dada anamjibu, akimfinya bega, na chini asante ile nyingine inaanza tena.