Yuko Njiani

Ofisini kwetu wazo la gemu ya kutisha halipigiwi kura. Linapimwa kwa kikombe. Mimi nakaa mwisho wa meza, nashika kwa mikono miwili kikombe kilichojaa maji pomoni, na mwenye wazo ananisimulia huku akinitazama vidole. Maji yakimwagika, wazo limepita. Yasipomwagika, linafutwa ubaoni na hakuna ruhusa ya kulililia.

Cheo hicho nilikipata kwa woga wangu. Niliajiriwa kuwa fundi wa sauti, kurekodi milango inayolia na nyayo zinazokanyaga kokoto, lakini nilikuwa mwoga wa kupigiwa mfano. Mtu akipiga chafya nyuma yangu, naruka. Wenzangu wakaona hii ni neema iliyojileta yenyewe. Wakaniita Kipimo, na jina nililopewa na wazazi likabaki kwenye kitambulisho. Waswahili husema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na kweli kicheko kilikuwepo: kila gemu tuliyowahi kuitoa ilianzia kwenye sketi yangu iliyolowa.

Kisha mama akafa. Tukamzika, watu wakaja, wakatoa pole, wakala, wakaondoka. Sikulia. Nilikisubiri kilio kama mtu anavyosubiri chafya iliyomkaa puani, hakikuja. Nikarudi kazini, nikashika kikombe, na tangu siku hiyo halijadondoka hata tone.

Wenzangu hawakufikiri kwamba kipimo kimeharibika. Walifikiri mawazo yao ndiyo mabovu. Walikiamini mno kile kikombe, wakawa wanafuta ubao wiki baada ya wiki, na nahisi walifuta mambo mazuri sana. Hata mimi mwanzoni niliwaonea huruma, nikidhani wameishiwa. Mpaka jioni moja waya wa pasi uliporusha cheche karibu na mkono wangu, nami nikaitazama tu kama ninayetazama mvua dirishani. Hapo ndipo nilipojua tatizo ni langu.

Siku ninayoisimulia ndiyo ilikuwa ya mwisho. Kampuni inayotuuzia gemu zetu ilitaka wazo kabla ya saa za kazi kwisha. Mkuu wetu, ambaye ni mkuu wa watu watatu na feni moja, aliniita pembeni asubuhi.

“Kipimo, nakuuliza kama dada yangu. Bado unaogopa?”

“Sijui.”

“Kwa sababu kama huogopi, leo kikombe itabidi ashike mwingine. Na kama kikombe anashika mwingine...”

Si mtu mbaya. Milango inayolia siku hizi inanunuliwa imesharekodiwa, na sote wawili tulilijua hilo. Nilimsikiliza kama ninayesikiliza habari za mtu nisiyemfahamu. Kazi yangu ilikuwa inaondoka mbele ya macho yangu na mimi nilikuwa naangalia kifungo cha shati lake. Kupoteza kazi hakukuniuma. Nilichotaka kujua ni kimoja tu, kama humu ndani yangu bado kuna mtu.

Tukakaa. Injinia, yule anayetuandikia programu, ndiye aliyeanza.

“Uko kwenye lifti, peke yako. Lifti inasema uzito umezidi. Unaangalia huku na huku, hakuna mtu. Unashuka, unapanda tena. Inasema bado umezidi. Halafu unahisi kuna mtu anakupisha upite.”

Kikombe kilitulia.

Mchoraji akafuata. Huyu ni mwanamke mpole, ana watoto wawili, na kichwani mwake mna mambo ambayo sijui anayalalaje. Alisimulia duka la nguo za mitumba ambako kila ukitia mkono mfukoni, unakuta mkono mwingine umetangulia, wa baridi, nao unakushika vidole taratibu kama wa mtoto anayevuka barabara. Zamani ningetoka mle chumbani bila viatu. Siku ile nilijikuta nafikiria jinsi ya kurekodi sauti ya mfuko.

Mkuu naye akaleta makaburi. Kila mara analeta makaburi. Tumemzoea.

“Angalieni, hata hapepesi,” Injinia akasema, si kwa ubaya.

Mchoraji akanyoosha mikono. “Hebu lete hicho kikombe, nishike mimi. Wewe leo utoe wazo.”

“Sina wazo,” nikasema, nikimkabidhi kikombe.

“Kila mtu ana kitu cha kumtisha nyumbani kwake.”

“Kwangu hakuna cha kutisha. Kuna baba tu.”

“Baba ana nini?”

Nikawaeleza, kwa kuwa nimeulizwa, kwa sauti ileile ambayo ningesema leo nimekula nini. Huu ni mwaka wa pili kumbukumbu za baba zinamtoka. Siku ya mazishi alisimama kaburini na watu wengine, akatupia udongo kwa mkono wake. Jioni yake akaniuliza, mbona mama yako amechelewa? Nikamwambia ukweli. Akakaa chini sakafuni akalia kilio cha mtu aliyepata habari sasa hivi, maana kwake ilikuwa ndiyo sasa hivi. Kesho yake akauliza tena. Nikamwambia tena, akalia tena. Kila jioni nikawa namfisha mama mbele yake, hadi nikachoka, nikamjibu: yuko njiani, baba.

“Akaridhika?” Mkuu akauliza.

“Akaridhika. Ila baba ni mtu wa kufuatilia. Akaniuliza amefika wapi. Nikasema yuko sokoni. Sasa, kifo anakisahau, lakini hilo hakulisahau. Kesho yake akasema, jana alikuwa sokoni, leo atakuwa amekaribia. Ikabidi nimsogeze. Nikasema amefika pale kwa muuza mkaa. Siku nyingine nikasema yuko kwenye kona, amesimama na mtu wanasalimiana. Kila jioni namsogeza kidogo.”

Feni ilikuwa inazunguka. Hakuna aliyeandika kitu.

“Sasa hivi yuko wapi?” Injinia akauliza.

“Jana nilisema yuko nje ya mlango, anavua viatu.”

Maji yakamwagika. Si tone, nusu kikombe nzima, kwenye mapaja ya Mchoraji, naye hakuinuka.

“Baba akasemaje?” akaniuliza polepole.

“Akaniambia nisifunge mlango.”

Baada ya hapo waliongea wote kwa pamoja. Mkuu aliruka ubaoni, akafuta makaburi yake mwenyewe kwa kiganja na kuandika YUKO NJIANI kwa herufi kubwa. Wakapanga: mchezaji anaishi na mzee, kila jioni anaulizwa swali lilelile. Akisema ukweli, mzee analia na anadhoofika. Akidanganya, mzee anakula vizuri na kulala vizuri, na aliyekufa anasogea hatua moja. Mchoraji alishaanza kuchora kizingiti. Walikuwa na furaha ya watu waliokata tamaa muda mrefu, na sikuwalaumu. Halafu Mkuu akakumbuka kwamba nipo.

“Samahani, Kipimo. Haya ni ya nyumbani kwako. Unaturuhusu?”

“Chukueni,” nikasema. Na nilikuwa namaanisha. Ningeweza kuwapa na mlango wenyewe.

“Mwisho wake je?” Mchoraji akauliza. “Mchezaji anashinda vipi?”

“Anamwambia mzee ukweli mara ya mwisho,” Injinia akasema. “Mzee anaelewa. Mama anarudi alikotoka. Kwisha.”

“Haelewi,” nikasema. “Anaelewa, halafu anasahau.”

“Basi mchezaji hashindi?”

“Hashindi.”

“Gemu isiyo na ushindi nani atainunua?”

Wakabishana. Mwishowe Mkuu akapiga meza kidogo. “Wazo tumepata, tutawatumia leo hii. Mwisho atatuletea Kipimo. Mwenye nyumba ndiye ajuaye panapovuja.” Kisha akaniangalia kwa namna ambayo nilielewa kwamba kazi yangu ipo, lakini imeegemea mwisho huo.

Nikaenda nyumbani nikiwaza mwisho. Niliuwaza kama fundi, sina budi kusema kweli. Nilifikiria ingefaa sauti gani mtu anapomaliza kuvua viatu, kiatu cha kwanza kisha cha pili, na kimya cha ukubwa gani kati yao.

Mlango ulikuwa wazi. Baba alikuwa amegeuza kiti kinautazama. Alikuwa amevaa shati jeupe ambalo sikumpigia pasi mimi, maana yake alijipigia mwenyewe, na vifungo vyote vimepanda tundu moja. Amejipaka mafuta usoni. Amechana nywele na maji.

“Umempita hapo nje?” akaniuliza. “Hajamaliza tu viatu?”

Nikashika fremu ya mlango. Sikuelewa mara moja kinachonipata. Nilidhani ni njaa. Moyo ulikuwa unapiga hadi masikioni, mikono inanitetemeka yote miwili, na ndipo nikautambua, ulikuwa ule woga wangu wa zamani. Haukuwa woga wa mzimu. Nilikuwa naogopa uso ule uliopakwa mafuta. Nikisema ameingia, atauliza yuko wapi. Nikisema bado, atakaa na shati lile mpaka asubuhi. Nilikuwa nimemleta mama hadi mlangoni na sikuwa na mama wa kumwonyesha.

“Baba,” nikasema, “mama hayuko nje. Nilikudanganya. Mama alifariki. Tulimzika.”

Nikasubiri aanguke sakafuni. Nilishajipanga kumdaka.

Hakuanguka. Aliniangalia kwa muda mrefu, kama anayetafuta miwani.

“Nani amefariki?”

“Mama.”

“Mama yako wewe?”

“Ndiyo, baba. Mama yangu.”

Akainuka. Alikuja taratibu, akishika meza, akishika ukuta, hadi nilipo. Akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, vile alivyokuwa akinishika nikiwa na homa.

“Masikini mwanangu,” akasema. “Pole. Pole sana. Na wewe bado ulikuwa unamhitaji.”

Siku ile mama alipofariki, mimi ndiye niliyepiga simu zote. Niliwaambia shangazi, wajomba, majirani, kanisani kwao na kazini kwangu, nikamwambia na baba. Mimi hakuna aliyeniambia. Nadhani nilikuwa sijapata habari mpaka jioni ile.

Nililia. Nililia vibaya, kwa kelele, kamasi na kila kitu, na pumzi ikawa inanikatika. Baba alinipigapiga mgongoni bila haraka. Alikuwa ananuka mafuta na pasi. Sijui tulisimama pale kiasi gani. Baadaye mkono wake ukapunguza kasi, ukasimama, kisha akaniinua kidevu na kunitazama kwa mshangao, akanifuta uso kwa mkono wa shati lake jeupe.

“Nyamaza basi, mwanangu,” akasema. “Mama yako akiingia akakukuta hivi, atadhani nimekupiga.”

“Hawezi kudhani hivyo, baba,” nikasema. “Anakujua.”

Akatikisa kichwa, akakubali, akarudi kitini. Nikaketi sakafuni miguuni pake nikaendelea kulia, naye akawa ananipapasa nywele, akinibembeleza kwa jambo asilolijua tena, mpaka akasinzia.