Jembe la Mfiwa

Mimi ni mwoga. Nalisema hili mwanzoni ili nisije nikasifiwa bure na msomaji atakayeishia njiani. Hapa kijijini wanasema Mwanamkasi ana moyo wa chuma, kwa kuwa nina sauti kubwa na naweza kumkemea mwenyekiti mbele ya mkutano. Sauti si ushujaa. Debe tupu haliachi kuvuma.

Mwaka 1976 nilikuwa mshauri wa mahakama ya mwanzo. Wasioijua kazi hiyo nawaeleza: hakimu haamui peke yake. Anakaa na washauri wawili, wazee wa eneo, na kila mmoja ana kura sawa na yake. Wawili wakikubaliana, wa tatu ameshindwa, hata kama wa tatu ndiye hakimu mwenyewe. Mshauri mwenzangu alikuwa Rubeni, mwalimu mstaafu aliyeshuka kutoka milimani, mbishi asiye na mfano. Hakimu alikuwa Asheri, kijana msafi, mwenye haraka, ambaye bado aliamini kwamba kila jambo limeandikwa mahali fulani.

Jumatatu moja ya mwezi wa sita aliletwa mbele yetu Respicius, mtu wa Bukoba, aliyekuwa amefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge mpaka kazi ilipokwisha, kisha akahamia kijijini kwetu, mwendo wa saa moja kutoka mji mdogo wa Kisiwani. Alishitakiwa kulima bangi. Bwana shamba alikuwa akikagua mahindi ya shamba la ujamaa, akakuta miche mitatu imesimama katikati ya mstari wa kumi na saba. Daftari la kijiji likafunguliwa. Mstari wa kumi na saba: Respicius.

Miche ile niliipanda mimi.

Nina kaka, Omari. Mashine ya kusaga mkonge ilimla mkono wa kulia hadi kwenye kiwiko, na ule mkono usiokuwapo ulikuwa ukimuuma kuliko huu uliopo. Vidonge alivyopewa vilimtuliza mwezi mmoja tu. Baada ya hapo alikuwa akiuma blanketi ili majirani wasimsikie. Mama yetu alikuwa akichemsha majani yale kwa wazee wenye maumivu, nami nikachemsha. Kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni, na kaka yangu akawa mtu tena. Uani kwangu nisingeweza kupanda, maana uko kando ya barabara. Ndipo nikaukumbuka mstari wa kumi na saba.

Hapa inabidi niseme jambo la kwetu. Mtu akifiwa, hashiki jembe. Jirani humfuata, hupewa jembe la mfiwa mwenyewe, naye hulima mstari wake. Akishaupokea haurudishi katikati, anaulima mpaka mavuno. Na jina lake halitajwi. Mfiwa akiutaja mkono uliomlimia, ameuita msiba uhamie nyumba hiyo. Njia ya kuuvunja mwiko huu ni moja: mfiwa aje mwenyewe kudai jembe lake. Akishalipokea, kinywa chake kiko huru.

Respicius na mkewe Wema walifiwa na mtoto mwezi wa tatu, mtoto wao wa pekee, homa ya siku mbili. Walikuwa wageni, hawakuwa na ndugu wa kuwashikia jembe. Nilikwenda mimi. Mungu ni shahidi, siku ile nilikwenda kwa huruma tupu. Nikawafundisha desturi yetu, nao wakaisikiliza kama watoto wa darasa la kwanza. Wiki tatu baadaye, nikipalilia mstari wao, nikawaza: hapa hakuna atakayeuliza, na akiuliza, hakuna atakayejibu. Ndivyo huruma yangu ilivyogeuka maficho.

Sasa nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mshauri, kitenge kipya kiunoni, nikihukumu kosa langu mwenyewe.

"Miche hii ni yako?" Asheri aliuliza.

"Si yangu, mheshimiwa."

"Mstari ni wako?"

"Mstari ni wangu. Miche si yangu."

"Nani aliyelima mstari wako tangu mwezi wa tatu?"

Nikamtazama Wema, aliyekaa benchi la mbele huku ameushika ukingo wa khanga yake kwa meno. Sikumtazama mtu mwingine asubuhi ile yote. Niliuchunga mdomo wake kama mtu anayechunga sufuria ya maziwa, nikijua nikipepesa jicho itafurika. Jasho lilinitoka mgongoni likashuka hadi kwenye kiti. Kila alipomeza mate, nami nikameza.

"Jibu," Asheri alisema. "Nani alilima?"

"Siwezi kusema, mheshimiwa. Lakini miche si yangu."

Alisema "si yangu" mara saba. Nilihesabu.

Watu kwenye mabenchi wakaanza kunong'ona. Nusu yao walijua ni nani aliyelima. Kijiji ni kijiji, na nilikuwa nikipita na jembe la Respicius mchana kweupe. Lakini nao walikuwa watu wa desturi, na zaidi ya hapo, nani angedhani kwamba mshauri wa mahakama angepanda jani? Waliona mgeni amekosa la kujibu, basi.

Tukaingia chumba cha ndani, sisi watatu, tukafunga mlango.

"Mwalimu, kura yako," Asheri alisema.

"Kabla ya kura nina maneno," Rubeni alisema.

"Nilijua."

"Babu yangu alilichemsha jani hili. Alikunywa, akalala, akafa na miaka themanini bila kumpiga mtu kofi. Jumapili hapo kilabuni watu wanakunywa dengelua wanapasuana vichwa, na wewe huletewi kesi ya dengelua. Unaletewa ya kichwa."

"Kilabu kina kibali."

"Basi kosa si kulewa. Kosa ni kukosa kibali."

Asheri akaweka kalamu chini. "Mwalimu, mimi nimekulia kambi ya mkonge. Nimemwona kijana amevuta, akamkata mwenzake panga shingoni akidhani anakata mkonge. Marehemu alikuwa binamu yangu. Usiniletee babu yako mimi."

Rubeni akampa pole, na ilikuwa pole ya kweli. Kisha akasema, "Huyo mkata panga afungwe. Lakini niambie hili. Huku milimani na mabondeni, kila kijiji kina bibi mwenye shina moja nyuma ya zizi. Tukimjua tunamsema, tunaling'oa, yamekwisha. Hatumleti hapa. Leo tumeletewa mtu wa Bukoba. Kwa nini yeye?"

"Kwa hiyo mgeni aachiwe kwa kuwa wenyeji hawakamatwi? Ungesema wenyeji nao wakamatwe, hapo ningekuelewa."

"Nasema haki isiyowafikia wote isianze na mnyonge. Kura yangu: hana hatia."

"Yangu: ana hatia," Asheri alisema. "Sheria inasema hivyo, na mtu amekataa kujieleza." Wote wawili wakanigeukia.

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Hana hatia. Maneno mawili, kama unayahesabu, na mtu angekwenda nyumbani kwa mkewe. Sikutakiwa hata kutoa sababu. Nilikwisha kufungua mdomo, wallahi, nilikwisha kuufungua.

"Ila mjue," Asheri akasema akichezea kalamu, "askari wameshaniambia. Kama si yeye, basi yupo mwingine. Kesho wataanza kupekua nyumba za wenye mistari ya jirani, wa kumi na sita na wa kumi na nane."

Wa kumi na nane ulikuwa wangu. Chini ya kitanda cha Omari kulikuwa na mtungi, na ndani ya mtungi mlikuwa na majani makavu, yamefunikwa kwa kitambaa cha unga. Niliuona ule mtungi kama uko mezani mbele yetu. Nikaona askari akiinama. Nikajiona nateremka kwenye gari la polisi mbele ya wajukuu wa watu niliowakemea, na Omari akiuma blanketi peke yake.

"Ana hatia," nikasema.

Rubeni alinitazama kwa muda mrefu. "Wewe, mama? Wewe?"

"Sheria ni sheria," nikamjibu, kwa ile sauti yangu kubwa.

Alipewa miezi kumi na miwili. Askari alipompitisha karibu na kiti changu, Respicius akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikaitika. Ilinitoka yenyewe, kama inavyotoka kila siku. Sijawahi kuona aibu kama ile, na bado chini ya aibu kulikuwa na raha. Mtungi ulikuwa salama. Naliandika hilo pia.

Siku zilizofuata sikula. Pembe ya msaragambo ilipolia kuwaita watu kwenye kazi ya pamoja ya kijiji, nilidhani inatangaza jina langu. Niliyachoma majani, Omari akarudia kuuma blanketi, na hofu haikupungua hata chembe. Mbwa akibweka nilisimama. Nikipita kisimani wanawake wakinyamaza, nilijua wamejua. Wakiendelea kucheka, nilijua wananicheka.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nafagia uani nikamwona Wema anakuja. Alikuwa amevaa viatu. Hapa kwetu mwanamke havai viatu kwenda shambani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

"Sikai. Nimefuata jembe."

Ufagio ulinidondoka. "Mavuno yamebaki wiki tatu tu," nikasema. "Nitamaliza mimi. Una majonzi, mwanangu, acha nikulimie."

"Najua yamebaki wiki tatu. Mume wangu alinikataza, akasema desturi ya watu tuliowakuta tuiheshimu. Mwenyewe hayupo. Naomba jembe langu, mama."

Hakuwa na hasira. Laiti angenitukana. Alisimama pale amenyoosha mikono yote miwili, jinsi nilivyomfundisha kwamba jembe la msiba hupokewa. Niliingia ndani. Jembe lilikuwa nyuma ya mlango, mpini umelainika kwa viganja vyangu. Kwa muda nilisimama gizani nalo nikiwaza upuuzi: nitasema limeibiwa, nitasema limevunjika. Omari alikuwa ameketi kitandani, amesikia yote.

"Mpe," alisema.

Nikampa. Wema akalitia begani, akaelekea barabarani linakopita basi la Same.

Msinisifu kwa lililofuata. Sikumkimbilia kwa sababu ya haki. Nilimkimbilia kwa kuwa nilipofikiria kukaa uani nikisubiri gari la polisi, siku moja, siku mbili, wiki, niliona kwamba siwezi. Hofu ya kungoja ilizidi hofu ya kwenda. Nilijifunga khanga nikatoka peku, nikaita, "Wema! Ningoje, tutakwenda wote." Akasimama.

Asheri hakuweza kunisikiliza, maana nilikuwa mshauri wake. Baada ya siku chache nilipelekwa mbele ya hakimu mwingine, mtu mzima, mwenye mvi kama zangu. Nilisema yote: miche, mtungi, kura. Nilikuwa nimeshika ukingo wa kizimba. Nilikuwa nimeaga nyumbani. Omari nilimwachia jirani, na nguo za gerezani nilikuwa nimekwisha kujiona nazo.

Hakimu yule akaandika, akavua miwani, akanitazama kwa upole kama mtu anayemtazama dada yake.

"Mama," akasema, "mtu wa heshima kama wewe. Kaka yako ni mgonjwa. Ushauri wa mahakama tutakuvua, na nakupa karipio. Usirudie. Nenda nyumbani."

Nilisimama, sikuelewa. "Na Respicius?"

"Ataachiwa, karatasi zikifika. Lakini kwa nini mlifikishana huku kote?" Alitikisa kichwa, akacheka kidogo. "Ungesema tu tangu mwanzo, mama. Nani asingekuamini?"

Nikamgeukia Wema, aliyekaa benchi la mbele na jembe lake magotini. Mumewe alisema "si yangu" mara saba.