Alama Nne kwa Kigari cha Watu Wawili

Kra, kra, kra. Sauti ilitoka chini ya meza yangu, kavu na ya haraka, ikanyamaza, ikaanza tena. Dada Mizoguchi, aliyekaa upande wa pili wa ubao unaotenganisha meza zetu, aliacha kuandika.

"Tsukuda, umefuga panya?"

"Ni mguu wangu, Dada."

Akainuka na kuchungulia juu ya ubao. Akaniona nimevua soksi moja, pedi moja ya gemu mikononi, pedi nyingine sakafuni, na vidole vya mguu wa kulia vinabonyeza vitufe. Kwenye runinga, chura mwenye kofia ya polisi alikuwa akiendesha kigari, na nyuma yake paka mnene aliyejaa povu alikuwa akirusha sabuni.

"Mguu huo una mshahara wake?"

"Una heshima yake."

Alifungua mdomo kama anayetaka kuongeza neno, kisha akaufunga na kurudi kukaa. Sikujali. Ilikuwa Jumamosi mchana, katikati ya Desemba, nami nilikuwa na gemu ya kumaliza.

Jarida letu lilitoka kila wiki pale Osaka, na watu walilinunua kwa ajili ya ukurasa mmoja tu, ule wa miraba minne. Kila gemu mpya ilipewa wahakiki wanne. Kila mhakiki alikuwa na mraba wake wenye mchoro wa sura yake, alama kati ya kumi, na mistari miwili ya maneno. Mraba wangu niliusubiri miaka mitatu. Miaka mitatu nilikaa meza ya kadi za wasomaji, nikiwajibu watu wanaouliza mlango wa siri wa ngome ya saba unafunguliwaje. Mwezi wa Oktoba nikapewa kiti cha mhakiki. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Hakuna aliyewahi kukikalia akiwa mdogo kuliko mimi, na nilihakikisha kila mtu ofisini analijua hilo.

Kanuni zilikuwa mbili. Ya kwanza, mhakiki acheze kila namna ya mchezo mpaka mwisho. Ya pili, wahakiki wasizungumzie gemu kabla ya kopo kufunguliwa. Kopo lenyewe lilikuwa la majani ya chai, limekaa kwenye meza ya mhariri mkuu, Bwana Akutsu. Unaandika alama na maneno yako, unakunja karatasi, unaandika jina lako juu yake, unaitumbukiza. Jumanne saa sita mchana analifungua mbele yenu. Karatasi ikishaingia haibadilishwi. Zamani kulikuwa na mhakiki aliyebadilisha tano yake ikawa nane siku moja baada ya kupelekewa nyumbani sanduku la matikiti, na tangu siku hiyo Bwana Akutsu hana masihara na kopo lake.

Gemu ya wiki hiyo iliitwa Vigari vya Chemchemi. Wanyama wa katuni wanashindana kwa vigari kuzunguka nyumba ya wageni yenye mabwawa ya maji ya moto. Ilitengenezwa na kampuni ndogo ya watu kumi na mmoja, na ilikuwa iingie madukani wiki moja kabla ya Mwaka Mpya, wakati kila familia inakusanyika chumba kimoja na kutafuta cha kufanya.

Ilikuwa na namna nne za kucheza. Kombe, njia kumi na sita dhidi ya mashine: nilichukua dhahabu zote kwa siku mbili. Saa, ambapo unashindana na kivuli chako mwenyewe cha mzunguko uliopita: nzuri, safi, ningeicheza mpaka nizeeke. Mapigano, watu wanne, kila mmoja na ndoo tatu juu ya kigari, ukipigwa unapoteza moja: inachekesha, haidumu. Na ya nne, Ubia. Watu wawili kigari kimoja. Mmoja anaendesha, mwingine anarusha, na kwenye kila kona wote wawili lazima wabonyeze kitufe cha kuinama upande mmoja kwa wakati mmoja, la sivyo kigari kinapinduka.

Ubia niliicheza kwa mikono na mguu. Baada ya saa moja mguu ulishaelewa, na hakukuwa na kona iliyonishinda. Nikajiuliza, kitufe cha pili cha nini basi? Kimoja kingetosha. Nikaandika: *Vichwa viwili kwenye kigari kimoja, na akili ya nusu kichwa. Ubia umeivuta gemu nzima mtaroni.* Nikaweka nne. Nilikuwa nimejifundisha mwenyewe kupima maneno, mizani kwa mizani, na mistari ile ilikaa sawasawa hata nikaisoma mara tatu kwa raha. Nikakunja karatasi, nikaitumbukiza kwenye kopo.

Kilichobaki ni picha. Picha za ukurasa tulizipiga kwa kamera mbele ya runinga, chumba kikiwa giza, na ya Ubia ilihitaji watu wawili wacheze wakati mikono yangu iko kwenye kamera. Jumapili nikaibeba mashine ya gemu mpaka mtaa wa Abeno, kwenye mkahawa wa mama yangu, saa zile za mchana anapokuwa amefunga. Mama anapika chapati za kabichi kwenye bamba la chuma. Alikuwepo pia Mzee Kitabayashi, dereva mstaafu wa tramu, zile treni ndogo za barabarani, mteja ambaye mlango ukifungwa yeye hubaki ndani.

Nikatundika blanketi dirishani na kuwapa pedi.

"Mzee, wewe endesha. Mama, wewe rusha. Msihangaike kushinda, nataka picha tatu tu."

"Nani kakwambia sitaki kushinda?" mama akasema, akifuta mikono kwenye aproni.

Kona ya kwanza Mzee Kitabayashi akapunguza mwendo mpaka kigari kikakaribia kusimama.

"Mbona unasimama?" mama akauliza.

"Kuna kona, Fusae."

"Kona haina abiria."

"Miaka thelathini na moja sijaingia kona bila kupunguza."

"Ndiyo maana nilikuwa nachelewa sokoni. Kumbe ulikuwa wewe."

Kona ya pili mama akainama kushoto, mzee akainama kulia, na chura na paka wakarushwa bwawani, wakatoka wekundu kama kamba wa kuchemsha. Mama alicheka mpaka akalazimika kushika ukingo wa bamba, ambalo kwa bahati lilikuwa limepoa. Wakawa wa nane kati ya wanane. Nikasema picha zinatosha. Hakuna aliyenisikia.

"Ukiinama niambie," mama alisema.

"Nikuambieje? Kona yenyewe inaonekana."

"Mimi naangalia wa kumpiga. Wewe ndiye dereva, tangaza."

Mzunguko wa tano ndipo mzee alipofanya jambo ambalo nadhani hata yeye hakuligundua. Kigari kilipokaribia kona, alitoa kidole kwenye pedi, akaikazia kona macho, akaielekezea kidole kama anavyoelekeza kila dereva wa tramu mbele ya taa, na kusema kwa sauti ya kazini: "Kona ya kushoto, sawa." Kwenye neno "sawa" mama akabonyeza. Kigari kikalala upande kikapita kama maji. Kona iliyofuata: "Kona ya kulia, sawa." Kikapita tena. Mama akaacha kubishana. Akawa anarusha sabuni huku sikio lote liko kwa mzee, na wakamaliza wa tano wakitazamana kama waliotoka vitani.

"Tena," mama akasema.

Kamera ilikuwa shingoni mwangu na nilikuwa nimesahau kuibonyeza. Mikono na mguu wangu vilikuwa vimeamriwa na kichwa kimoja. Bila shaka vilielewana. Kitufe nilichokiita cha bure ndicho kilikuwa mchezo wenyewe, na mimi nilikuwa nimecheza kila kitu isipokuwa hicho.

Nikachukua pedi ya mzee, nikakaa na mama. Mimi, mwenye dhahabu kumi na sita. Tukawa wa nane. Tukarudia, wa nane.

"Unaendesha kama mtu anayeishi peke yake," mama alisema. Hakuwa anatania. "Sogea, mpe Mzee Kitabayashi."

Jumanne saa sita kasorobo nilikuwa mbele ya meza ya Bwana Akutsu. Alikuwa anakula tonge la wali lililofungwa mwani, na kopo lilikuwa mbele yake.

"Bosi, naomba karatasi yangu ya Vigari."

"Nani kakuletea matikiti?"

"Hakuna. Nimekula chapati ya kabichi kwa mama yangu, basi."

"Kwa hiyo?"

"Ubia niliicheza peke yangu. Pedi mkononi, pedi mguuni. Nilichoandika ni uongo."

Aliacha kutafuna. Dada Mizoguchi na wenzetu wawili walikuwa wameshavuta viti kusubiri saa sita. Mmoja wao alikohoa kuficha kicheko.

"Kanuni ya kwanza inasema mhakiki acheze kila namna mpaka mwisho," Bwana Akutsu alisema. "Haisemi kwa kiungo gani. Umecheza. Wiki ijayo waandikie wasomaji barua."

"Wiki ijayo gemu itakuwa imeshahukumiwa madukani."

"Karatasi haibadilishwi, Tsukuda."

"Najua. Siombi kubadilisha. Naomba kuitoa."

Hapo akaliweka tonge chini. Karatasi kweli iliweza kutolewa kabla ya kopo kufunguliwa, lakini mraba ungebaki mweupe, sura yako bila namba, na mwenye mraba mweupe hurudi meza ya kadi miezi sita, kiti chake akipewa mwingine. Ilikuwa imetokea mara moja tu.

"Aliyefanya hivyo yuko Sakai anauza matairi," alisema. "Hakurudi. Hakuna anayerudi."

"Acha iwe, Tsukuda," Dada Mizoguchi aliingilia. "Hata kama umeipa alama ndogo, sisi watatu tutaibeba. Kiti umekililia miaka mitatu."

"Dada, si uliuona mguu wangu?"

"Niliuona. Nilitaka kukwambia, nikakumbuka kanuni. Mimi nilicheza na mume wangu. Tulinuniana mpaka chai ya jioni, kisha akaniomba turudie."

Watu wote walicheka kidogo, hata Bwana Akutsu. Mimi nilitazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika kumi na mbili. Kukaa kimya kungeniachia kila kitu: kiti, sura, jina. Na chini ya sura yangu kungekuwa na nne ambayo hakuna anayeweza kunilaumu kwayo, isipokuwa mimi. Sikukisubiri kiti miaka mitatu ili nikikalie namna hiyo.

"Naitoa, Bosi."

Alifungua kopo, akapekua bila kukunjua kitu, akanipa karatasi yangu. Niliichana mbele yake, mistari mizuri na yote. Kisha nikaondoka mezani, nikasimama ukutani, na saa sita ilipofika wakasoma bila mimi. Nane, saba, nane.

"Mraba mweupe una haki ya maneno yake," Bwana Akutsu alisema, akinisukumia kipande cha karatasi. "Mistari miwili."

Sikupima mizani. Niliandika: *Ubia niliicheza peke yangu, kwa hiyo sikuicheza. Sina alama ya kuipa gemu hii.*

Aliisoma, akaigonga mhuri, akaiweka pamoja na zile tatu.

"Kadi ziko kwenye maboksi chini ya dirisha, unapajua," alisema. "Na usinitazame hivyo. Kesho nitamtafuta mtu wa kukalia pale."

"Mtafute, Bosi. Mtafute aliye hodari kabisa, nisije nikaambiwa nilikipata kwa huruma." Nilichukua koti langu kwenye kile kiti, na sauti yangu ikatoka kubwa kuliko nilivyopanga, ofisi nzima ikasikia. "Nitajibu kadi zote za miezi sita, na wa saba nitakuja kukishindania kiti hiki na huyo utakayempata. Nakuahidi, Bwana Akutsu, mimi nitarudi."