Mikono Safi ya Watia Rangi

Siku binti alipomaliza masomo ya mazingira na kurudi kutoka ng'ambo, mjomba wake alimpokea begi, akalipima kwa mkono, akasema, "Kumbe elimu nzito hivi. Na yote hii ya kwenda kupanda miti benki?"

"Sipandi miti, Mjomba. Mtu akitaka mkopo wa kiwanda, naangalia kwanza kama kiwanda hicho hakitaharibu maji na hewa ya watu."

"Basi utakuwa adui wa kila anayekopa," alisema mjomba. Lakini begi alilibeba mwenyewe mpaka chumbani.

Benki walimpa meza ya pembeni, karibu na mashine ya kuchapa, na jina la utani juu yake: Mama Miti. Aliyelitunga ni Dada Mkubwa, karani wa mikopo wa siku nyingi, mwenye ulimi kama upupu. Mkuu wa mikopo naye hakumficha kitu. "Meza hii ni ya majaribio," alimwambia. "Faili la kwanza likienda mrama, tunaifunga, nawe utakwenda kukaa dirishani kuhesabu pesa." Binti akajikaza kisabuni.

Faili la kwanza lilikuwa la kiwanda cha kutia vitambaa rangi. Alifanya kama alivyofundishwa chuoni: akapiga simu, akaomba miadi, akafika saa waliyopatana. Mwenye kiwanda, mzee mcheshi, alimtembeza kila pembe. Nyuma ya ukuta, maji ya mfereji utokao kiwandani yalikuwa maangavu hata mawe ya chini yanaonekana. Wafanyakazi walijipanga, akawapiga picha. Aliporudi alimwambia mkuu kwamba maji ni safi, na mkuu, kwa furaha, akampigia mteja kumtoa wasiwasi.

Kesho yake asubuhi, akiwa anazipanga picha zile kwa ajili ya kamati ya mikopo, mkono ukasita. Watia rangi wamesimama wanacheka, mikono mbele. Mikono yote safi, kucha kama za mtoto aliyetoka kuogeshwa. Nyuma yao kamba za kuanikia hazina hata kitambaa kimoja. Siku ile hakuna aliyetia rangi. Walisimamisha kazi kwa ajili yake, na aliyewapa taarifa ni yeye mwenyewe.

Akaenda kwa mkuu. "Nilikosea, Mkuu. Naomba nirudi kule bila kupiga simu."

"Hapa hatuvamii wateja. Na neno nimeshampa. Kamati inakaa kesho."

"Kesho niseme nini basi? Kwamba maji ni safi, na hali sijui?"

"Saa ya chakula ni yako," alisema mkuu, akainamia karatasi zake.

Dada Mkubwa alikuwa amesikia yote. "Na visigino hivyo vya ng'ambo? Vitabaki matopeni." Akatoa raba zake chini ya meza. "Vaa. Nitakuendesha mimi. Sitaki kusimuliwa Mama Miti alivyofukuzwa."

Hakufukuzwa. Mlinzi alimkumbuka, akamfungulia. Mfereji siku hiyo ulikuwa wa buluu kama wino, na povu limeshika ukingoni. Alikuwa amechutama anajaza chupa mwenye kiwanda alipotokea, ucheshi wote umemwisha.

"Binti yangu, mbona hukuniambia unakuja?"

"Nilikuambia mara ya kwanza, Mzee. Ndiyo maana sikuona kitu."

"Unajua ni watu wangapi wanakula kwa maji haya?"

"Najua, na huko chini wapo wanaoyanywa. Jenga madimbwi ya kuyasafisha kabla hayajatoka. Nitaomba mkopo uanze na hayo."

"Benki ziko nyingi," mzee alisema. Hata hivyo alimnyoshea mkono, akamvuta kutoka kwenye utelezi.

Mbele ya kamati binti aliiweka chupa mezani. Alisema alikosea, akasema alikosea wapi, kisha akalitaja sharti lake. Sharti likapita. Kabla ya jioni mteja alikuwa amechukua faili lake na kwenda benki nyingine.

Binti akarudi mezani kwake kungoja hukumu. Alikuta mtu amemwekea chai, ameifunika kisosi isipoe. Alikuwa hajaigusa mkuu alipofika.

"Mteja ameondoka."

"Nimesikia, Mkuu."

"Wakubwa wataniuliza."

"Waambie ni mimi."

"Nitawaambia ni sisi." Akaweka faili jipya kando ya kikombe. "Huyu ana machinjio. Nenda ukaone. Na usipige simu."

Akaondoka. Kutoka meza ya pili, raba mbili zikaja zikiteleza sakafuni mpaka miguuni pa binti.

"Safari hii, Mama Miti," alisema Dada Mkubwa bila kuinua kichwa, "unirudishie zimeoshwa."